Saa Niliyoipoteza Kati ya Kinshasa na Lubumbashi

Juzi mdogo wangu mmoja wa hapa Lubumbashi aliniandikia: "Yaya (yaani ndugu mkubwa), naondoka uwanja wa ndege wa Luano saa nne asubuhi, nafika Kinshasa saa tano na dakika 20. Kurudi pia naondoka saa nne, lakini nafika saa saba na dakika 20. Mbona ndege inakawia hivyo kurudi?" Anarudi Jumamosi, siku ya ndoa ya dada yake. Niliposoma hapo moyo ulinipiga.

Ndege haikawii. Kutoka Luano mpaka N'djili, uwanja wa ndege wa Kinshasa, ni kilomita kama 1,550 angani, na jeti isiyotua njiani huzimaliza kwa saa 2 na dakika 20 hivi, iwe kwenda au kurudi. Kinachobadilika ni saa ya ukutani. Sisi wa Katanga, pamoja na Kasai na Kivu, tuko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Ukienda unaazimwa saa hiyo, ukirudi unailipa.

Mimi niliilipa siku ya kumzika baba.

Baba alikuwa mtu wa reli. Zamani zake, kwenda Kinshasa ni kupanda treni mpaka Ilebo, kisha meli kuteremka mto Kasai, na safari ilihesabiwa kwa siku. Hata hivyo hakuchelewa kazini, na sisi watoto alitufundisha kusoma saa kabla ya kusoma vitabu.

Alipofariki nilikuwa Kinshasa. Mazishi yalipangwa saa nane na nusu mchana. Kulikuwa na ndege ya alfajiri na ya saa tano na nusu. Nikachukua ya pili kwa sababu ilikuwa na bei nafuu. Nikajumlisha saa 2 na dakika 20, nikampigia baba mkubwa: "Saa nane kasoro dakika kumi niko Luano, mningoje." Akamtuma kijana anipokee. Kijana alisimama pale saa nzima bila kuniona.

Ndege iliondoka kwa wakati na kutua kwa wakati. Saa ya uwanja ilisema tisa kasoro dakika kumi. Mvua ilikuwa imetanda, wazee walishindwa kungoja zaidi. Nilipofika, watu walikuwa wananawa mikono.

Hakuna aliyenigombeza. Baba mkubwa alinishika bega tu, na mpaka leo nikilikumbuka bega hilo linauma.

Kwa hiyo ndugu zangu, someni saa pamoja na jina la mji. Saa ya kuondoka ni ya mji unaouacha, saa ya kufika ni ya mji unaokwenda. Ulizeni pia kama ndege inatua Mbuji-Mayi au Kananga, maana hapo safari inarefuka. Na asiyejua msongamano wa Boulevard Lumumba, barabara ya kwenda N'djili, asitoke Gombe, katikati ya Kinshasa, dakika za mwisho. Mtu akisema "ni saa mbili tu," mwulizeni: saa mbili za wapi? Tuache kuwaahidi wazazi saa ambazo hatujazihesabu. Kifo hakingoji, ndoa haingoji, someni saa!

Na wewe mdogo wangu, rudi Ijumaa. Kama tiketi haibadiliki, mpigie dada yako leo, umwambie saa saba na dakika 20, saa ya Lubumbashi. Ongeza na muda wa mizigo.