Riwaya za kutisha za siku hizi: mimi huangalia zinanifanya nimwogope nani

Mkuu, umeuliza kama riwaya za kutisha zinazosifiwa miaka hii zina jambo ndani yake au ni damu tu inayouzwa, na kama zinafaa, uanzie wapi. Nimezisoma kwa miaka kadhaa, nyingi kwa tafsiri za Kiingereza, na msimamo wangu ni huu: kitabu cha kutisha nakipima kwa yule kinayenifanya nimwogope. Wingi wa damu haunisumbui sana.

Sisi tumekulia hadithi za "itaendelea" za magazetini, ambazo sasa zimehamia Facebook na magrupu ya WhatsApp. Nimezisoma mno, na wapo waandishi humo wanaojua kumnyima mtu usingizi. Lakini tazama anayeogopwa: mara nyingi ni bibi kizee anayeishi peke yake pembeni mwa kijiji, ana macho mekundu na husafiri kwa ungo. Nchi hii imezika vikongwe wengi, hasa kule Shinyanga na Mwanza, waliokatwa mapanga kwa tuhuma hizo hizo, na wekundu wa macho yao ulitokana na moshi wa jikoni. Watu wenye ualbino nao wamewindwa kwa sababu kuna aliyesadiki hadithi. Nikiyakumbuka hayo, simulizi inayonitaka nimwogope yule bibi inanikera hata kama imesukwa kwa ufundi wote.

Ndiyo maana Hurricane Season ya Fernanda Melchor wa Mexico, iliyotoka kwa Kihispania mwaka 2017, ilinikamata. Watoto wanakuta maiti kwenye mfereji wa maji. Ni ya mtu ambaye kijiji kizima kinamwita Mchawi. Wanawake humwendea kwa siri kutafuta dawa, vijana wa kiume humwendea kutafuta pesa na starehe, kisha wote wanamtukana hadharani. Melchor alianza na habari ya gazeti la huko Veracruz kuhusu mauaji yaliyohusishwa na uchawi, akaamua kuandika riwaya kwa kuwa kwenda mwenyewe kuulizauliza kungemhatarisha. Kila sura ni aya moja, sentensi zinakwenda kurasa na kurasa, na huna pa kuvuta pumzi. Norma, mtoto wa miaka 13 mwenye mimba ya baba wa kambo, ameandikwa kwa huruma ambayo sijaiona mahali pengi. Ukatili wa kingono umesemwa bila pazia, kwa hiyo simpi kila mtu kitabu hiki. Ila nilipokimaliza sikumwogopa Mchawi hata kidogo. Niliwaogopa waliomfahamu.

Kinachosemwa zaidi mitandaoni ni Tender Is the Flesh ya Agustina Bazterrica wa Argentina, iliyopata tuzo ya Clarín mwaka 2017. Inadaiwa virusi vimeifanya nyama ya wanyama kuwa sumu, basi serikali inahalalisha binadamu wafugwe na kuchinjwa. Marcos Tejo, meneja wa machinjio, anawatembeza vijana wawili waliokuja kuomba kazi: hapa wanazimishwa, hapa wananing'inizwa, hapa wanachunwa. Wafugwao wameondolewa uwezo wa kutoa sauti ili wasipige kelele. Mkuu, hofu ya kurasa hizo haitokani na visu, inatokana na utulivu wa mtembezaji. Halafu mwandishi anakufanya umpende huyo Marcos: mtoto wake amefariki, mkewe ameondoka, baba yake amechanganyikiwa kwa uzee. Unamtetea moyoni hadi ukurasa wa mwisho, ambao sitausimulia. Nina lawama moja: ziara zake kwa wateja na kwa mwenye uwanja wa kuwinda binadamu zinafanana mno, kana kwamba mwandishi hakuamini kuwa tumeshaelewa. Lakini kwamba kimeandikwa na mtu wa Argentina, nchi inayojivunia nyama ya ng'ombe kuliko karibu kitu kingine chochote mezani, kunakipa uzito ambao mgeni asingeweza kukipa.

Our Share of Night ya Mariana Enriquez, pia wa Argentina, ni ndefu na katikati inazembea. Nguvu yake ni kwamba kundi la matajiri wanaoabudu Giza linastawi chini ya udikteta wa kijeshi wa 1976 hadi 1983, watu walipokuwa wakipotezwa na hakuna aliyethubutu kuuliza. Niliposoma hayo niliwaza mumiani wetu. Wazee wetu wakati wa ukoloni, kuanzia pwani hadi Nairobi na Kampala, walinong'onezana kwamba wazimamoto wa serikali hukamata watu na kuwanyonya damu. Anayeogopwa hapo ana gari na sare za kazi. Hiyo ni mali ya riwaya kubwa, na ningefurahi sana mwandishi wetu wa leo aichukue aifanyie kazi kwa dhati.

Uwezo huo tunao. Said Ahmed Mohamed alituandikia Babu Alipofufuka (2001), ambamo kigogo mmoja, K, anatembelewa na mzimu wa babu yake na kulazimishwa kuitazama nchi ambayo yeye na wenzake wameifilisi. Mzimu ndiye mwenye haki, na aliye hai ndiye wa kuogopwa. Kezilahabi naye, katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), anakupeleka katika dunia iliyokufa bila kukushika mkono. Ni vigumu, usivisome ukiwa umechoka.

Sasa pa kuanzia. Chukua Fever Dream ya Samanta Schweblin, Mwarjentina mwingine, iliyotoka kwa Kihispania mwaka 2014. Ni fupi, unaweza kuimaliza kwa usiku mmoja. Amanda amelala hoi zahanati ya kijijini, na mtoto asiye wake, David, anamharakisha akumbuke saa ambayo mambo yaliharibika. Muda wote mama huyu amekuwa akipima ni sekunde ngapi zingemfikisha kwa binti yake hatari ikitokea. Na hatari ikaja kupitia sumu ya mashamba ya soya, ikawagusa wakiwa wamekaa pamoja kwenye nyasi, yeye akidhani ni umande. Kwangu hiyo inazizidi zote, kwa kuwa mama hakuzembea popote.

Kama nyumbani una mtoto mchanga, anza na Babu Alipofufuka, na Schweblin umweke kwanza kabatini. Melchor msome mwisho, na usimsomee kwenye daladala.