Kipindue Kwanza, Hadithi Baadaye

Kosa lililonigharimu zaidi katika kukusanya kazi za mikono za askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia nililifanya Tanga, mchana kweupe. Niliuziwa chombo cha maua kilichofanywa kwa ganda la kombora, kimechongwa makuti na maneno "Tanga 1914", huku muuzaji akinisimulia jinsi babu yake, askari wa Mjerumani, alivyotoka nacho vitani. Nilipokipindua nyumbani niliona kwenye kitako alama ya "18 PR" na mwaka 1916. Lilikuwa ganda la mzinga wa Kiingereza, lililotengenezwa takriban miaka miwili baada ya mapigano yale ya Waingereza na Wajerumani hapo Tanga, Novemba 1914. Haikatazwi, bila shaka, mtu kuchonga baadaye kumbukumbu ya vita vilivyopita, lakini hadithi ya babu ilikufa papo hapo.

Kwa hiyo anza na kitako, ambako maganda ya Kijerumani mara nyingi huwa na jina la kiwanda, kama vile Polte Magdeburg, pamoja na tarehe. Kisha chukua lenzi utazame ndani ya nakshi: tindo iliyogongwa kwa mkono huacha vidato vidogo visivyolingana, ilhali mashine ya umeme hupita laini. Shaba ikiwa imefifia juu, nayo mifereji inang'aa, nakshi ni ya juzi. Mifereji ikiwa myeusi, usifurahi mapema; ipitishie pamba yenye spiriti, kwa kuwa nimewahi kuona weusi wa "miaka mia" ukitoka wote, ukinuka rangi ya viatu. Usikisugue chombo kwa ndimu na majivu kabla ya ukaguzi huu, maana utafuta ushahidi wenyewe.

Sarafu za heller 20 za mwaka 1916, fedha ya koloni la Wajerumani Afrika Mashariki, zilizopigwa karibu na Tabora kwa shaba iliyookotwa, yakiwemo maganda ya makombora, zinadai jicho la namna nyingine. (Neno letu "hela" limetokana na heller hiyo.) Halisi nyingi zimepigwa kwa haraka, chapa ikiwa hafifu au imekwenda upande, hivyo kasoro hizo peke yake zisikutishe. Ninachokiogopa ni vitundu vidogo usoni na mshono ukingoni, dalili za sarafu iliyomiminwa katika kalibu.

Chombo cha Tanga bado ninacho, nimekilaza kabatini, kitako kikitazama mlango.