Tsukihime ya Switch: dogo, USITUME HELA

Rudisha hiyo hela mfukoni. Nimesoma ujumbe wako kuhusu Tsukihime, ule mchezo wa Kijapani wa kusoma hadithi, kwa mashine ya Nintendo Switch. Nilipofika pale ulipoandika "kuna jamaa ana Tsukihime mpya, kadi ya Japani, bei chee, anasema nikiwasha intaneti Kiingereza kinashuka chenyewe," tumbo likanikata. Mimi niliambiwa hayohayo mwaka 2022.

Hakishuki kitu! Toleo la Japani la Agosti 2021 ni Kijapani mwanzo mwisho. La Kiingereza lilitoka Juni 2024, nalo ni kadi nyingine kabisa. Muuzaji wangu alinimaliza kwa ukweli nusu: "Switch haibagui nchi, kadi yoyote inawaka." Kweli iliwaka. Muziki mtamu, picha za mchoraji wake Takeuchi zinang'aa, na juu yake kanji, zile herufi za Kijapani, zimejipanga kama siafu. Huu si mpira useme utabonyezabonyeza mpaka uzoee. Ni riwaya, kazi yako yote ni kusoma.

Laki mbili na themanini, na kodi ya chumba nilikuwa nadaiwa. Kwa ubishi nikakaa naielekezea skrini kamera ya simu initafsirie. Ukurasa mmoja dakika tano. Ukoo wa mhusika mkuu ni Tohno, ila kwa kanji zake simu ikasoma "uwanda wa mbali", basi nusu saa nzima najua jamaa wamehamia shamba. Usiku wa tatu simu ikawa ya moto kama pasi, nikazima vyote. Namrudia muuzaji, ananijibu: "Bro, si inawaka?" Hata kibiriti kinawaka! Na alikuwa ameweka picha ya Arcueid, binti wa humohumo kwenye mchezo, kwenye wasifu wake, mshenzi yule. Mwezi mzima nikimwona Arcueid nasikia hasira, maskini hana hatia.

Kwa hiyo kabla hujalipa, akurekodie video: kadi inaingia, mchezo unafunguka, maandishi ya hadithi yanasomeka kwa Kiingereza. Picha ya kudownload usikubali. Akianza "niamini mimi", ondoka.

Kuhusu uanze na Tsukihime ya kwanza ya mwaka 2000 au hii iliyotengenezwa upya, sijui, anza popote. Ila hii mpya ina njia mbili tu za hadithi, ya Arcueid na ya binti mwingine, Ciel. Kama unawafuata mabinti wengine, Kohaku au Hisui, njia zao humu hazimo, na hilo pia yule bwana hakuniambia.

Umeshatuma au bado?