Mtungi wa foklifti: usifungue hozi kabla injini haijazimika yenyewe

Mkuu, umesema kila ukibadilisha mtungi wa propani unarushiwa "moshi mweupe" mkononi, na mara nyingine mashine inagoma kuwaka wakati mtungi umejaa. Nimeendesha foklifti, hizi mashine za kunyanyulia mizigo, kwenye maghala ya Columbus, Ohio, Marekani, na yote mawili yamenikuta.

Huo si moshi. Mtungi wa jikoni hutoa mvuke, lakini huu wa foklifti hutoa propani ikiwa bado majimaji, inakwenda kugeuzwa mvuke na joto la injini. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na ikigeuka mvuke hutanuka mara 270 hivi. Kwa hiyo hicho kidogo kilichobaki ndani ya hozi kinatosha kukuunguza kwa baridi. Mwaka wangu wa kwanza malori yalikuwa yamepanga foleni, nikazima kwa ufunguo, nikafungua hozi haraka haraka, na glavu zangu za uzi zikalowa. Vidole viwili viliganda vikawa vyeupe, baadaye vikatoa malengelenge. Msimamizi akaniambia nipake losheni! Haya.

Siku hizi naegesha mbali na hita na wavuta sigara, nashusha uma, navuta breki, kisha nafunga koki ya mtungi injini ikiwa bado inanguruma. Itakohoa kidogo, itazimika yenyewe. Hapo hozi imeshanyonywa, ndipo nazima ufunguo na kufungua kiungio. Tumia mkono, achana na spana. Ndani ya kiungio kuna ringi ya mpira, na ikichanika au kukauka ndiyo inayokuletea harufu ya gesi. Ikague kila ubadilishapo. Matone machache yatatoka tu hata ukifanya kila kitu sawa, kwa hiyo vaa glavu za ngozi na miwani.

Jambo ambalo watu hupuuza ni pini. Kola ya mtungi, ile pete ya chuma inayozunguka koki, ina tundu la kuingia kwenye pini ya mashine. Gesi peke yake ni kilo 15 hivi, ongeza chuma, mgongo unauma, basi mtu anaulaza ulivyoangukia na kufunga mkanda. Pini isipoingia, mrija wa ndani unaonyonya majimaji haufiki chini panapotakiwa, na valvu ya usalama iliyopaswa kuwa juu kwenye mvuke inazama kwenye majimaji. Presha ikizidi, itatema majimaji. Na gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni ikitafuta shimo au cheche.

Mitungi ya akiba ikae nje kwenye kizimba chake, basi.

Sasa kugoma kuwaka: nadhani unafungua koki kwa pupa. Kuna valvu inayojifunga gesi ikitoka kwa kasi kubwa, kwa sababu kwake hiyo ni hozi iliyopasuka. Funga koki, subiri kidogo, fungua tena taratibu sana. Kabla ya kuwasha, pulizia maji ya sabuni kwenye kiungio. Ukiona povu linavimba, funga koki, usiguse ufunguo, mwite fundi.