Kabla Hujabadilisha Spika, Zijue Kwanza Ulizo Nazo

Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa na picha moja kwenye simu niliyokuwa naiangalia kila usiku kabla ya kulala. Spika ndefu za kusimama sakafuni, zinanifika kifuani, kila moja na wufa mbili, zile koni kubwa za besi. Nilikuwa nimeshapima kwa macho mahali zitakapokaa, nimeshawaeleza watu wa nyumbani, na hela nilikuwa naiweka kidogo kidogo. Leo nina spika mpya sebuleni, lakini si zile. Naandika haya kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa, mwenye hamu na mwenye hela inayokaribia kutimia.

Ungeniuliza wakati ule spika zangu za zamani zina kosa gani, ningekujibu kwamba zimechoka. Nilikuwa nazo miaka 13, na neno hilo lilinitosha. Halitoshi. Chukua karatasi, kaa chini na nyimbo unazozijua vizuri, na kila kinapokukera kitu andika wimbo gani, dakika ya ngapi, na nini hasa kimekukera. Jioni mbili zilinitosha kupata mambo matatu. La kwanza, besi ikishuka kwenye noti fulani chumba kizima kinavuma, na noti hiyo inazimeza zilizo jirani yake. La pili, spika ya kushoto inatoa mkwaruzo, krrr, kila ngoma nzito inapopigwa. La tatu, nikisikiliza usiku kwa sauti ndogo, maneno ya mwimbaji yanafifia kana kwamba anaimba nyuma ya pazia. Nilidhani yote ni ugonjwa mmoja na dawa yake ni ile picha kwenye simu. Kila moja lilikuwa na chanzo chake.

Nianze na besi, maana hapo ndipo nilipokuwa karibu kupoteza hela nyingi zaidi. Chumba changu kina urefu wa mita 4. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 43, yaani linalotetema mara 43 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 8, yaani mara mbili ya chumba hiki. Wimbi la namna hiyo likigonga ukuta wa mbele na wa nyuma linarudi na kujijaza lenyewe: linakuwa na nguvu sana karibu na kuta na linafifia katikati ya chumba. Na kochi langu lilikuwa wapi? Limeegemea ukuta wa nyuma kabisa. Spika nazo zilikuwa sentimita 15 tu kutoka ukuta wa mbele, na ukuta ulio karibu na spika huongeza besi juu ya ile iliyopo. Mvumo ule ulikuwa wa chumba changu na wa mahali nilipokaa. Ningeleta spika zenye wufa kubwa mara mbili, ningekuwa nimenunua mvumo mkubwa mara mbili.

Nilivuta kochi mbele kama sentimita 70. Nikasogeza spika hadi nusu mita kutoka ukutani, nikazigeuza kidogo zinielekee, na nikaziinua juu ya stendi ili twita, zile koni ndogo za sauti nyembamba, ziwe usawa wa masikio yangu nikiwa nimekaa. Zamani zilikaa kwenye kabati la runinga, chini mno. Jioni ile nilirudia wimbo mmoja mara nne. Noti ya besi iliyokuwa inavimba ilikuwa imerudi kwenye mstari na wenzake, na nikasikia vidole vya mpigaji vikiteleza kwenye nyuzi, kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwa miaka 13. Haikunigharimu kitu zaidi ya stendi na jasho la kusukuma kochi. Kama utafanya jambo moja tu kati ya yote ninayoyaandika hapa, fanya hili, na uliachie angalau wiki mbili, kwa sababu kila kitu unachokisogeza kinabadilisha kingine.

Mkwaruzo ulikuwa mwepesi kuujua. Nilivua kitambaa cha mbele, nikawasha tochi na kuizungusha ukingoni mwa wufa, pale karatasi ya koni inapoungana na fremu. Mviringo wa sponji uliokuwa mweusi ulikuwa umegeuka kahawia, na upande wa chini ulikuwa na ufa wa urefu wa kidole gumba. Nilipougusa, ulimomonyoka mkononi kama mkate uliokauka, ukaacha unga unaonata. Sponji ya namna hii huoza kwa hewa na unyevu baada ya miaka kumi, kumi na tano, hata kama spika haitumiki sana. Zenye mviringo wa mpira hudumu zaidi. Fundi alizibadilisha sponji zote mbili, ya kushoto na ya kulia, na nakusihi usibadilishe moja tu, maana sponji mpya na ya zamani hazichezi sawa.

Wakati uko huko nyuma ya spika, angalia pia waya. Nyekundu iende kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi, pande zote mbili. Upande mmoja ukigeuzwa, koni moja inasukuma wakati nyingine inavuta, besi inakonda, na sauti ya mwimbaji badala ya kusimama katikati inasambaa huku na huku bila makao.

Likabaki la tatu, sauti za waimbaji. Rafiki yangu aliniazima spika zake kwa wiki moja. Usiku wa kwanza nilipigwa na butwaa. Kila kitu kilikuwa wazi, kinang'aa, na nikataka kuuza zangu asubuhi yake. Nashukuru sikufanya hivyo. Siku ya tatu nikapakua programu ya kupima desibeli, yaani ukubwa wa sauti, kwenye simu, nikaiweka mahali kichwa changu kinapokaa, nikapiga sauti ile ile kwenye spika zote kwa kiwango kile kile cha amplifaya. Za rafiki yangu zilizidi kwa desibeli 3. Sikio la binadamu likisikia kitu kilicho juu kidogo, linakiita bora; halikuambii kwamba kimezidi tu. Ukilinganisha spika bila kusawazisha kiwango, unalinganisha nguvu.

Basi nikasawazisha, na nikamwomba mke wangu anisaidie. Tulitundika kitambaa chepesi mbele ya spika, nami nikakaa sijui zipi zinapiga. Alikuwa anazima amplifaya, anahamisha waya, anawasha tena. Unaweza kuona ni kazi nyingi kwa ajili ya nyimbo, lakini macho yana nguvu kuliko tunavyokubali. Mwaka 1994 watafiti Sean Olive na Floyd Toole waliwasikilizisha wafanyakazi wa kampuni ya Harman spika nne, mara wakiziona na mara zikiwa zimefichwa. Zilipoonekana, spika kubwa za gharama zilipanda alama na ile ndogo ya bei nafuu ilishuka. Zilipofichwa, pengo lilipungua. Hao ni watu wanaofanya kazi kwenye kampuni ya spika.

Majibu yangu yalikuwa hivi. Kwenye besi sikuweza kutofautisha, nilikuwa nakisia. Kwenye ule mng'ao ulionishangaza usiku wa kwanza, nilipozidi kusikiliza ulianza kunichosha, hasa vinanda na matoazi. Lakini kwenye sauti ya mtu anayeimba peke yake, nilizitambua za rafiki yangu karibu kila mara, na kila mara nilizipenda zaidi, hata kwa sauti ndogo ya usiku. Hapo ndipo nilipojua kwamba kubadilisha kuna maana kwangu, na ninatafuta nini. Natafuta sauti ya katikati iliyo safi, isiyo na makali, kwenye spika ndogo inayokubaliana na chumba cha mita 4. Zile ndefu za kwenye picha nilizifuta siku hiyo hiyo.

Kuhusu amplifaya nitasema kidogo. Soma maandishi ya spika unayoitaka. Kama yangu ya zamani ilitoa desibeli 90 kwa wati moja na mpya inatoa 84, nitahitaji nguvu mara nne kufikia kiwango kile kile. Na kama mpya ni ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), hakikisha amplifaya yako inaikubali, maana nyingine hupata joto na kujizima.

Kabla ya kulipa, omba kwenda nazo nyumbani, au upate ahadi ya kuzirudisha. Dukani chumba ni kingine, amplifaya ni nyingine, na nyimbo mara nyingi huchaguliwa na muuzaji. Nenda na ile karatasi yako, piga nyimbo zilizoandikwa pale, sikiliza dakika zile zile. Na za zamani usiziuze mwezi wa kwanza. Mimi nilizirudisha mahali pake baada ya wiki tatu za kuishi na mpya, nikasikiliza jioni nzima, na ndipo nikawa na uhakika. Mwimbaji alirudi nyuma ya pazia.

Sasa ziko chumbani kwa binti yangu, na sponji zake mpya. Siku ya kwanza nilimkalisha katikati, nikazima taa, nikampigia sauti moja ya mtu anayeimba bila ala, nikamuuliza aonyeshe kwa kidole anaisikia wapi. Akaonyesha katikati ya ukuta, mahali pasipo na spika, halafu akainuka kwenda kupagusa.