Kabla ya kukiponda kitabu cha tamthilia uipendayo

Riwaya zinazotokana na tamthilia za anga za juu hupokewa Bukavu kwa hukumu mbili: "ni kama ile ya televisheni" au "wameiharibu". Zote mbili hazimsaidii mwenzako anayetaka kujua kama atumie mega zake kukipakua kitabu hicho au aachane nacho.

Fungua kwanza ule ukurasa wa haki za uchapishaji ambao wengi huuruka. Chukua mwaka uliomo, ulinganishe na msimu uliokuwa ukionyeshwa wakati huo. Mwandishi wa vitabu hivi anafanya kazi kwa leseni: muhtasari wake lazima upitishwe na wenye haki, muswada nao vilevile, kisha huja miezi ya uhariri na uchapaji, na tamthilia haimsubiri. Riwaya za Star Trek, tamthilia ya Kimarekani ya anga za juu, ziliendeleza maisha ya wahusika kwa miaka mingi baada ya filamu yao ya mwaka 2002, Star Trek: Nemesis. Tamthilia mpya, Star Trek: Picard, ilipoanza kuonyeshwa Januari 2020 ikashika njia yake isiyofuata riwaya hizo, na mwaka 2021 vikatoka vitabu vitatu vya kuufunga mkondo ule wa riwaya. Kwa hiyo ukitaka kusema mwandishi kakosea, angalia kwanza nani alitangulia. Mara nyingine televisheni ndiyo huazima: riwaya ya Doctor Who, tamthilia ya Uingereza, aliyoiandika Paul Cornell mwaka 1995 iligeuzwa vipindi viwili mwaka 2007.

Ikiwa kitabu kinasimulia kipindi kilichokwisha kuonyeshwa, kwa kawaida mwandishi alitumia skripti, yaani maandishi ya waigizaji, wala si kipindi kilichokamilika. Ndiyo maana unakuta matukio ambayo hukuyaona kwenye skrini. Skripti ya dakika 45 ni kurasa 50 hivi, nyingi zikiwa mazungumzo tu. Haitoshi kujaza riwaya ya kurasa 300. Chunguza nafasi iliyobaki imejazwa na nini. Maelezo ya korido na silaha ni maji ya kuongezea mchuzi. Mawazo ya mhusika ambayo kamera haiwezi kuyaonyesha ndiyo faida ya kitabu.

Kwa hadithi mpya kabisa, lalamiko la kila siku ni kwamba mwishoni hakuna kilichobadilika. Kingebadilika vipi? Nahodha hawezi kufa kitabuni huku wiki ijayo akionekana kwenye televisheni. Wapime wahusika waliozaliwa humo humo kitabuni, maana hao ndio mwandishi anaoruhusiwa kuwaumiza, kuwaoza au kuwazika. Wakiwa butu, kitabu ni butu, na hapo ponda bila huruma.

Kuna mtego unaotunasa hasa sisi wa huku. Wengi tumeitazama tamthilia ikiwa imeingizwa sauti za Kifaransa, halafu kitabu tunakisoma kwa Kiingereza. Sauti iliyomo kichwani ni ya mwigizaji wa Paris, wala si ya yule unayemwona kwenye picha. Kabla ya kuandika kwamba nahodha "haongei kama yeye", tafuta dakika kumi za kipindi kwa lugha ya asili, usikilize urefu wa sentensi zake na jinsi anavyotania, kisha usome mazungumzo ya kitabuni kwa sauti. Kama bado hayalingani, nukuu mistari miwili ya kuthibitisha.

Unaponukuu, taja sura, usitaje ukurasa. Kwenye simu kurasa hubadilika kila mtu anapokuza herufi, na ukurasa wako wa 112 kwa mwenzako wa Kadutu unaweza kuwa wa 190.

Juu kabisa ya maoni yako andika lugha uliyosomea na msimu ambao mtu anapaswa awe ameumaliza. Habari za nani amekufa ziweke chini kabisa, baada ya onyo, kwa sababu wapo wanaoipata tamthilia kwa flashi, msimu mmoja mmoja, na wa tatu bado haujawafikia.