Kunde zenye magugu ya maua ya njano: funga mbuzi kwanza

Mkuu uliyeuliza kutoka Bahi, funga mbuzi kwanza, salamu baadaye.

Umesema ekari zako 2 za kunde zimegeuka njano na kujaa vijimti vya maua ya njano, utavuna kilichopo, ufungulie mbuzi wasafishe shamba, mwakani uweke karanga. Aisee. Makosa matatu umeyapanga kwenye sentensi moja, mimi yalinichukua misimu mitatu.

Gugu hilo ni Alectra vogelii, ndugu wa kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama na mahindi. Ukitaka uhakika, chimbua mche mmoja taratibu udongo ukiwa na unyevu: chini yake ni rangi ya machungwa, na utaona pale lilipojishikiza kwenye mzizi wa kunde. Maji na chakula linanyonya hapo. Kwa hiyo ule umanjano wa kunde zako si njaa ya mbolea, na urea unayotaka kumwaga haitaufukuza.

Sasa mbuzi. Mche mmoja ukikomaa unatoa mbegu laki kadhaa, laini kuliko ugoro. Ukiachia miche kumi tu, umepanda mamilioni. Mbuzi wakila vitumba (vile vifuko vya mbegu), mbegu nyingine zinapita tumboni zikiwa hai, zinalala zizini, kisha unazibeba mwenyewe kama samadi hadi kwenye lile shamba lililokuwa safi. Zikiwa ardhini zinaweza kungoja zaidi ya miaka kumi. Haziamki kwa mvua peke yake, zinasubiri mzizi wa mwenyeji, yaani mmea linaounyonya, ufike karibu na kutoa kemikali yake. Karanga ni mwenyeji. Njugu mawe pia, soya pia, maharage pia. Ukiweka karanga mwakani, umebadilisha sahani tu, mlaji ni yule yule.

Kuna bwana shamba (kama yumo humu ajifiche) anayewaambia watu kung'oa hakuna faida kwa sababu madhara yameshatokea chini. Nusu ni kweli, ndiyo maana inawapoteza watu. Gugu linakaa chini wiki kadhaa likinyonya kabla hujaliona, na likichomoza mavuno ya msimu huo yameshapungua. Lakini hung'oi kwa ajili ya kunde za mwaka huu! Unang'oa ili lisizae. Nilimsikiliza, nikaacha likomae, nikalima likiwa na vitumba vikavu. Trekta ikanisambazia bure, kona hadi kona.

Na yule wa duka la pembejeo anayeuza 2,4-D, dawa ya kuua magugu, akiapa "inaua majani mapana tu": kwani kunde ina majani ya mtama? Inaua kweli. Inaua kunde.

Kanuni yangu ni moja: lisizae. Kuanzia wiki ya tano baada ya kupanda pita shambani kila siku 7, mstari kwa mstari. Ng'oa likiwa bado halijachanua, na ngoja udongo uwe na unyevu, kwenye ukavu shina hukatika juu na kuchipua tena. Pakiwa pakavu ingia na jembe dogo, ufike chini ya shina. Likiwa na ua, usiliache limelala shambani wala kulitupa mpakani, linaweza kumalizia kukomaza mbegu pale pale. Weka kwenye ndoo au mfuko wa plastiki usiotoboka, si kiroba cha kufumwa, mbegu zinapita kwenye nyuzi. Choma shimoni na mabua makavu.

Ukimaliza kuvuna, usibakize mashina ya kunde eti ya mboga. Yakiwa hai, gugu nalo linaendelea kula na kuzaa. Ng'oa yote. Kunde za mbegu chuma maganda kwa mkono, upurie kwenye turubai mbali na shamba, maana ukipuria chini pale pale unajifungashia vumbi la gugu. Shamba safi lima kwanza, lenye gugu mwisho, kisha osha jembe na viatu.

Mwakani weka mtama, uwele au mahindi. Alectra haiyashambulii, ila usitegemee msimu mmoja ufute akiba ya ardhini. Zipo aina za kunde zinazostahimili: Malawi wanayo Mkanakaufiti, na B301 ya Botswana imetumiwa sana na watafiti kuzalisha aina mpya, ingawa ustahimilivu hauwi sawa kila mahali. Kwa hapa Tanzania waulize TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Ilonga, Kilosa, sasa hivi wana mbegu gani inayofaa Dodoma.

Uliuliza pia nafasi ya kupanda na bei ya soko, eh? Wengine watakujibu. Wewe leo tafuta vitumba vilivyoanza kuwa kahawia. Hivyo anza navyo, vikate taratibu ukikinga ndoo chini, kabla upepo wa mchana haujaanza.